Friji Lenye Joto

Saa nne kasorobo asubuhi Yudita Ntandu alikuwa amelala kifudifudi kwenye sebule ya watu, shavu sakafuni, akisikiliza ukuta, na alikuwa na furaha kupita kiasi. Wako wanaofurahia harusi, wako wanaofurahia mpira. Huyu alifurahia nyumba inayokula umeme bila sababu. Akipangiwa moja ya namna hiyo, hata chai aliyokwisha ilipia anaiacha kibandani na kuondoka.

Na hii ya leo ilikuwa ya aina yake. Nyumba ya vyumba vitatu chini ya majabali, upande wa ziwa Kindai, mkazi mmoja tu, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mbili aitwaye Monika Mughwai. Singida ilikuwa inaishi kwa upepo wake yenyewe tangu mitambo ya kilimani ilipokamilika, na kila mkazi alikuwa na mgao wake: uniti tatu kwa siku, zinazomtosha mtu mmoja na kubaki. Nyumba ya Mwalimu Monika ilikula saba kwa siku mwezi wa kwanza, saba mwezi wa pili, na mwezi huu ikafika tisa. Mji hauna simile katika jambo hilo. Miezi mitatu ikipita bila chanzo kupatikana na kurekebishwa, nyumba inafungwa hadi kikao cha mwaka, taa, feni, betri na kila kitu. Siku ya kufungwa ilikuwa leo, saa nane mchana.

"Saba halafu tisa," Yudita aliuambia ukuta. "Maana yake mko wawili."

Sikio lilikuwa limekwisha banwa kwenye kebo kuu. Ni kidude kisichozidi kibanio cha nguo. Ukikibana pale umeme unapoingia nyumbani na kuweka kipokezi sikioni, kila kifaa kilichomo ndani kinaanza kujitaja. Pasi ina mtetemo wake, feni ina wake, redio ina wake, na Sikio linatambua mitetemo elfu arobaini na ushee, mpaka jina la kiwanda. Tena lina kanuni moja isiyochezewa. Siku moja kule kituoni walikata umeme na kuurudisha wakati fundi Gwau ameshika waya, akaungua mikono yote miwili. Tangu hapo, Sikio likishabanwa, swichi ya nyumba hiyo kituoni inajifunga yenyewe, na hakuna awezaye kuikata, awe bosi awe nani, mpaka mpelelezi aliye ndani abonyeze *Nimemaliza*. Ndiyo maana Bwana Kitiku, mkuu wa wapelelezi, hakuchoka kupiga simu. Alikwisha piga mara mbili, kuuliza kama anapeleleza nyumba au ameolewa humo.

Mwalimu Monika aliketi kwenye kochi na kikombe cha chai mkononi, amenyooka kama anasimamia mtihani. Yudita alimwamkia alipoingia, akaitikia marahaba kwa upole, akamkaribisha, akamjibu kila swali kabla halijaisha. Yudita alipaswa kulitilia shaka hilo mapema, ila alikuwa amekwisha noga na kazi.

Majina yakaanza kushuka kwenye kioo cha mkononi. Taa, wati nane. Redio, wati tano. Friji la jikoni, wati tisini likiwaka, nusu ya muda limelala, halina kasoro. Halafu likaja jina lililomfanya ainuke mbiombio na kupangusa vumbi usoni. Moyo wa nyumba, wati mia mbili na hamsini.

Moyo ni lile sanduku la betri linalohifadhi upepo wa usiku kwa matumizi ya mchana. Kila nyumba ya Singida inalo, na kujipoza kwake hakutakiwi kuzidi wati hamsini. Hili lilikuwa linahema mara tano ya hapo. Yudita akazungusha macho sebuleni kulitafuta, asilione. Aliona televisheni yenye kitambaa, meza yenye kitambaa, makochi yenye vitambaa migongoni na mikononi, na kule pembeni kitu kirefu kilichovikwa vitambaa vitatu vya kroshia, kimoja juu ya kingine, vyeupe pe, vyenye alizeti za njano, na juu yake chombo cha maua ya plastiki.

Alimtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama chai.

Yudita alifunua vitambaa vyote kwa mpigo, na joto likatoka kwenye sanduku lile likampiga usoni mpaka akarudi nyuma hatua mbili. Matundu yote ya kupumulia yalikuwa yamezibwa kwa mkono stadi, mshono baada ya mshono. Maskini Moyo ulikuwa unajipoza ndani ya sweta. Yudita alicheka mpaka akakohoa, na akikohoa kifua chake hupiga mluzi, jambo tutakalolifikia. Mwalimu alijitetea kwamba mgeni hawezi kuingia kwake akakuta lichuma limemkodolea macho, na kwamba vitambaa hivyo alivimaliza miezi mitatu iliyopita, kazi ya macho yake mwenyewe. Yudita alimwambia asione haya, kwani hata mama yake mzazi amekivika kitambaa kitufe cha kengele ya mlango, na wageni hugonga kwa ngumi.

Namba zilianza kushuka wanazitazama. Mia mbili na arobaini. Mia na tisini. Mia na kumi. Yudita alikuwa akipiga makofi kidogo kidogo bila kujijua. Zilipofika hamsini zikatulia, na Mwalimu Monika akasimama haraka kuliko umri wake.

"Basi imekwisha, mwanangu," alisema. "Bonyeza hiyo Nimemaliza yako, nikupe na kuku... nikupe chakula, uende."

Yudita hakulisikia neno lile lililoteleza. Alikuwa anajumlisha kichwani. Moyo hamsini, friji, taa, redio. Hapo uniti zisingefika hata tatu. Lakini jumla ya kebo ilikuwa inasema nne na ziada. Wati sitini zilikuwa zinakwenda mahali, na kwenye kioo, chini kabisa ya orodha, kulikuwa na mstari mmoja usio na jina. *Kisichojulikana.*

Katika miaka tisa ya kazi alikuwa amekutana na neno hilo mara nne.

* * *

Mtu mwingine angeridhika na vitambaa akaenda zake. Kwa kweli hata huyu angeweza, kama si kwamba nyumba bado ilivuka mgao, na kama si ile raha yake ya kuchokonoa. Alivuta kumbukumbu zote za mita na kukaa nazo sakafuni, miguu imekunjwa.

Kisichojulikana kilikuwa kimezaliwa siku ishirini zilizopita. Kilikuwa kinawaka dakika chache, kinazima, kinawaka tena, mchana na usiku bila kuchoka, kama kitu kinacholinda joto fulani lisipande wala lisishuke. Juu ya hilo, kila baada ya saa moja, kulikuwa na mtetemo mdogo wa mota, sekunde sita tu. Halafu juzi ule mtetemo ukanyamaza. Joto likabaki.

Siku kumi na nane za kutetemeka kila saa, kisha kimya. Si pampu wala jiko. Si mashine ya kukaushia uyoga kama ile ya Unyankindi iliyompa sifa mwaka juzi. Alimwomba Mwalimu ruhusa ya kuzima saketi ya chumba cha nyuma kwa nusu dakika, aone kama mstari utapotea.

"Usizime," Mwalimu Monika alisema. Hakupaza sauti. Ila aliweka kikombe mezani.

Yudita hakuzima. Aliufuata waya kwa kidole ukutani, akaingia korido, akafika chumba cha nyuma. Palikuwa na magunia ya mbegu za alizeti yamepangwa hadi kifuani, na nyuma ya magunia friji la zamani, la miaka ile ya kabla ya upepo, rangi imebanduka. Nalo lilikuwa na kitambaa cha kroshia. Lakini hiki kilikuwa kimekunjwa vizuri juu tu, na matundu ya pembeni yameachwa wazi yote. Mwanamke aliyeziba pumzi ya betri yake kwa urembo alikuwa ameliacha friji bovu lipumue. Yudita aliliona hilo na nywele zikamsisimka.

Akaweka kiganja kwenye mlango. Friji lilikuwa na joto.

Na hapo, bila Sikio, bila kipokezi, kwa sikio lake la kawaida alilozaliwa nalo, akasikia. Sauti ndogo sana, kutoka ndani. Kisha nyingine ikaijibu.

"Mayai yapo arobaini na moja," Mwalimu Monika alisema nyuma yake. "Leo ni siku ya ishirini. Kesho alfajiri wanatoka."

Yudita alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, mkono kifuani.

Hapa ndipo tulipoahidi kufika. Miaka kumi na miwili nyuma, kabla hajawaza umeme, Yudita alikuwa anauza chipsi kuku stendi. Homa ya mabawa iliingia Singida kupitia kuku, ikawamaliza, kisha ikahamia kwa waliowashika. Yeye alilala hospitali siku arobaini akipumulia mpira. Alipotoka, kifua kilibaki na mluzi, na mkoa mzima haukuwa na kuku hata mmoja. Waliosalimika walichomwa kwa amri. Kuku wa Singida, yule aliyekuwa anasafirishwa mpaka Dar es Salaam kwa jina lake, alibaki kwenye hadithi. Mayai siku hizi yalitoka kwenye mabanda yaliyofungwa, mbali, hayana jogoo na hayana ladha.

Mwalimu alimweleza yote akiwa amesimama mbele ya friji, mikono nyuma, kama anayelizuia. Kaka yake anafuga nyuki msitu wa Mgori. Kule kaka huyo alikuta kuku waliogeuka wa porini, wanalala mitini, wenye afya. Homa ilipita, wao wakabaki. Aliokota mayai yao kidogo kidogo kwa wiki moja, akayaleta ndani ya ndoo ya asali, yamezungushiwa maganda ya alizeti. Yeye Mwalimu akatoa mashine ya friji, akatia balbu mbili za kizamani, beseni la maji, na mota ya feni ya kugeuza trei kila saa. Juzi aliizima ile mota, kwa kuwa siku tatu za mwisho mayai hayageuzwi.

Yudita alimuuliza kwa nini hakuyapeleka kwa watu wa mifugo, wao wenye vipimo.

"Kwa sababu nimeisoma sheria," Mwalimu alijibu. "Ibara ya tisa. Yai lolote la kienyeji linachomwa bila kupimwa. Lakini ndege aliye hai hupimwa damu kwanza, na akiwa safi haguswi. Walioiandika walikuwa wanawafikiria njiwa. Mimi nahitaji wawe hai tu, mwanangu. Baada ya hapo nitawaita mwenyewe."

Halafu akamwomba. Aliomba kwa adabu, kama mtu asiyezoea kuomba: aandike kipasha maziwa. Neno moja tu. Kipasha maziwa kinakula wati sitini, kinalinda joto, na si kosa. Nyumba itaonywa kwa uniti moja iliyozidi, mambo yataishia hapo.

* * *

Yudita alirudi sebuleni na kuketi chini ya Moyo, uliokuwa sasa unapumua kwa raha. Ilikuwa saa saba na robo.

Aliwahi kuandika neno moja la huruma. Mzee mmoja wa Mandewa alikuwa na jiko lisiloruhusiwa, akamlilia, naye Yudita akaliandika taa. Wiki mbili baadaye waya uliokuwa unabeba hiyo taa uliwaka, na mzee akatolewa nje nyayo zimeungua. Yudita alikwenda kumtazama na ndizi mkononi, na mzee akamshukuru kwa wema wake. Shukrani ile ilimuuma kuliko matusi. Alijiapiza siku hiyo kwamba waya hataudanganyia tena.

Basi aandike ukweli. Akiandika mashine ya kutotolesha vifaranga na kubonyeza Nimemaliza, kifaa haramu kinakatwa papo hapo, nyumba nzima na Moyo wake. Friji lingepoa kabla ya magharibi, na vile vilivyokuwa vinajibizana mle ndani vingenyamaza kimoja kimoja.

Na kama vina homa? Alikuwa anaiogopa, kwa nini tufiche. Alikuwa anaukumbuka ule mpira wa hospitali mpaka ladha yake. Kuku waliobaki Mgori ama wameishinda homa, ama wanaibeba wakitembea nayo. Wakiwa wameishinda, kila nyumba ya mkoa huu ingeweza kufuga tena. Wakiwa wanaibeba, yuko mtoto mahali fulani mjini hapa atakayelala siku arobaini. Hakuna aliyejua. Cha kumkera kuliko vyote, akiwa mpelelezi, ni kwamba sheria ilikuwa inataka kuchoma jibu kabla ya kusoma swali.

Simu ililia. Bwana Kitiku alitaka kujua kama nyumba inafungwa au haifungwi, maana swichi yake bado imejifunga na saa nane imekaribia.

Yudita alimwambia kila kitu. Vitambaa vitatu, wati mia mbili zilizookolewa. Friji bovu, balbu mbili, mayai arobaini na moja ya kuku wa Mgori, yanatoka kesho alfajiri. Mwalimu Monika, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifumba macho na kushika fremu.

Kitiku alisema kwamba amesikia, na kwamba ni wajibu wake kuwapigia watu wa mifugo, wako Dodoma, watafika kesho saa tatu asubuhi. Yeye abonyeze Nimemaliza atoke humo haraka, kwa afya yake.

"Wapigie, bosi. Waje na sindano za damu," Yudita alisema. "Ila mimi sijamaliza."

Kitiku aliuliza hajamaliza nini, na kifaa ameshakitaja.

"Nimekitaja kwa mdomo wa mwenye nyumba. Kanuni ya nne inasema kisichojulikana husikilizwa mpaka mpelelezi aridhike mwenyewe. Mimi sijawahi kukisikia kikifanya kazi yake. Nitaridhika alfajiri."

Kitiku alimkumbusha kwamba hakuna mpelelezi aliyewahi kulala kwenye nyumba. Alimkumbusha na kifua chake, taratibu, kwani ndiye aliyesaini ruhusa yake ya ugonjwa kila msimu wa vumbi. Alisema pia kwamba wakubwa wakiuliza, yeye hatakuwa na la kumtetea, na kwamba kazi hii ina watu wanaoisubiri. Yudita alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anatetemeka, na sehemu ya mtetemo huo, lazima tukiri, ilikuwa ile raha yake ya siku zote.

Alimwomba kitu kimoja zaidi, akiandike kwa jina la Yudita mwenyewe. Nyumba ya Mwalimu Monika Mughwai imezuiwa kuanzia sasa. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka, pamoja na mpelelezi, mpaka damu ipimwe. Yao na ya ndege.

"Unajifungia na homa, Yudita," Kitiku alisema.

"Najifungia na kisichojulikana. Andika upelelezi unaendelea."

Alisikia vidole vya Kitiku vikigonga herufi, pole pole, mpaka neno la mwisho.

Saa nane ikafika. Taa ya sebuleni haikutikisika. Yudita alifunga mlango wa mbele kwa komeo, akafunga madirisha ya mbele na ya nyuma, akachukua barakoa mbili kwenye mkoba wa kazi, moja yake, moja ya mwenyeji. Mwalimu Monika aliivaa. Yudita alipomsimulia habari ya hospitali, Mwalimu alimwambia kwamba asingemwomba uongo kama angejua kwamba alilala siku zile arobaini. Yudita alimjibu kwamba angeomba tu, na kwamba yeye angekataa tu, kwa hiyo wasipotezeane muda. Wakakokota magunia mawili ya alizeti mpaka mbele ya friji, wakaketi juu yake bega kwa bega.

Saa kumi na moja jioni, nusu siku kabla ya wakati wake, mmoja hakuvumilia. Mwalimu alifungua mlango kidogo sana, upana wa kidole, wakachungulia. Yai la pembeni lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu ncha ya mdomo ikifanya kazi kama fundi mwenye haraka. Ganda likazunguka, likakatika, likafunguka. Kikatoka kitu chenye maji, kibaya cha sura, kikaanguka kifudifudi shavu kwenye trei, kikatulia hapo kinasikiliza.

Yudita alitaka kucheka akazuia, kwa ajili ya kifua. Machozi yalimshinda, yakaingia kwenye barakoa.

Alichukua kioo chake. Mstari ule ulikuwa bado unamsubiri chini ya orodha, *Kisichojulikana*. Aliugusa, akaufuta, akaandika taratibu, akisoma kwa sauti ili Mwalimu naye asikie: kifaranga, mmoja, yu hai.

Kitufe cha Nimemaliza kilikuwa kinapepesa pembeni. Alikiacha bila kukibonyeza, akasogea karibu na friji, kumsubiri wa pili.